Kuta za marobota ya majani ya mpunga Dodoma: zitapona kwa mchwa?

Kiwanja Ihumwa:
Wakuu, habari. Nataka kujenga nyumba ya mita 9 kwa 6 hapa Ihumwa, kuta ziwe za marobota ya majani ya mpunga kutoka Bahi. Robota ni sentimita 90 kwa 45, kimo 35. Fundi anasema mchwa watazila zote ndani ya misimu miwili. Nahitaji marobota mangapi, yabebe paa yenyewe au niweke nguzo, na mchwa nawazuiaje? Lipu nimepanga ya simenti.

Mzee wa Kenchi:
Weka nguzo. Waliouanzisha ujenzi huu Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 walibebesha paa marobota kwa sababu mbao kwao zilikuwa adimu. Ukuta wa namna hiyo hushuka sentimita kadhaa kwa uzito wa paa, na ukipiga lipu kabla haujamaliza kushuka, lipu inabinuka na kupasuka. Ukiwa na nguzo, bati linapanda kwanza na marobota yanapangwa kivulini. Nguzo zikae upande wa ndani, marobota yapite nje yake bila kukatwa-katwa, yafungwe kwenye nguzo kila baada ya kozi (safu) mbili. Paa litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60. Kazi iishe kati ya Julai na Oktoba. Robota likilowa hadi katikati usilianike ukalirudisha ukutani, hilo ni la kutandaza shambani.

Fundi wako kuhusu mchwa hajakosea, ila wana udhaifu mmoja: wengi wao hawatembei wazi, hujenga njia ya udongo. Kwa hiyo msingi wa mawe au tofali za kuchoma upande sentimita 45 juu ya ardhi na ubaki wazi, usiuegemeze kuni wala maua. Dawa ya mchwa imwagwe kwenye mtaro na chini ya jamvi (sakafu) kabla ya zege. Juu ya msingi tandika nailoni, kisha bati laini la upana wote wa ukuta, litokeze sentimita 5 kila upande na likunjwe kuelekea chini. Mchwa wakitaka kupanda watalizunguka bati kwa nje, utaiona njia yao na kuivunja. Zungukia nyumba kila mwezi.

Juu ya bati laza mbao mbili za 2x4 zilizowekwa dawa, moja kila ukingo, katikati jaza kokoto. Robota la kwanza likae juu ya hizo mbao, nazo ziwe juu kuliko sakafu ya ndani. Bomba likipasuka usiku, maji hayataligusa.

Kozi Saba:
Hesabu: mzunguko ni mita 30, gawa kwa 0.9, unapata marobota 34 kwa kozi. Kozi 7 ni mita 2.45, jumla 238. Milango miwili na madirisha matano ya 1.2 kwa 1.2 yanachukua kama mita za mraba 11, sawa na marobota 35. Yanabaki 203, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuharibika, agiza 225.

Nenda Bahi na mizani. Robota kavu la vipimo hivyo lisipofika kilo 16, likatae. Yale ambayo wafugaji hushindilia kwa mkono kwenye sanduku mara nyingi ni mepesi, maana ng'ombe hajali. Linyanyue kwa kamba moja: likilegea au kamba ikikatika, liache. Ingiza mkono katikati. Ubaridi wa unyevu, weusi au harufu ya ukungu, liache. Usikubali kuuziwa hei (nyasi kavu za malisho), ina mbegu na panya wanaipenda. Mabua ya mtama nayo ni manene, hayashikani.

Nusu robota linapatikana kwa sindano ya nondo ya milimita 8: pitisha kamba mpya, funga pande zote mbili, ndipo ukate kamba za zamani. Wengi wanakata kwanza, wanabaki na lundo.

Kiwanja Ihumwa:
Asanteni sana. Na lipu ya simenti niliyoipanga, ina tatizo lolote?

Udongo wa Kichuguu:
Maji yakiingia kwenye ufa, hasa chini ya dirisha, simenti haiyaachii kutoka, majani yanaoza huku nje pakionekana pazuri. Tumia udongo wa kichuguu debe 1, mchanga 3 na majani yaliyokatwa-katwa. Jaribu viraka vitatu vya mchanganyiko tofauti kwanza. Udongo mweusi wa mbugani usiuguse, unavimba na kupasuka.

Mkono wa kwanza wa lipu ni uji mzito, usugue kwa viganja uingie ndani ya majani. Wa pili sentimita 2. Nje malizia na chokaa 1 kwa mchanga 3, ukifunika kwa magunia mabichi wiki nzima. Jua na upepo wa Dodoma vikiikausha haraka inabaki vumbi. Ndani acha udongo mnene, ndio unaotuliza joto la mchana kama kwenye tembe za Wagogo. Lipu iishie juu ya bati la mchwa. Ukilifukia, umewajengea mchwa njia wewe mwenyewe.