Nani kawaambia kuendesha baiskeli ni kufulia? Watu wa Mtwara mmenichosha

Wakuu salaam. Wasimamizi naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la michezo, maana hili si la michezo, ni la heshima ya mtu.

Jumamosi iliyopita nimetoka zangu Shangani saa 12 na nusu asubuhi naelekea Mikindani. Upepo wa bahari mwanana, barabara tupu, mimi na baiskeli yangu. Nafika pale kabla ya kuteremka, ghuba yote iko chini, madau yametulia majini, nikasimama ninywe maji. Ikaja bajaji ikafunga breki. Dereva simjui wala hanijui. Akaniangalia, akaiangalia baiskeli, akairudia kofia yangu, halafu akasema kwa sauti ya msibani: "Pole njomba. Panda nikusogeze, hata hela usinipe."

Pole ya nini? Kafa nani?

Ingekuwa mara moja ningecheka nikaendelea na safari. Lakini mwezi uliopita mama mkwe alishuka kutoka Newala kuja kutusalimia, akaniona naondoka na baiskeli alfajiri. Hakusema kitu. Usiku akamwita mke wangu jikoni, mlango ukarudishwa. Mimi niko sebuleni, masikio yangu hayana kosa: "Mwanangu, mwenzio kazi bado anayo?" Haijapita wiki, shemeji yangu akanipigia simu. Kuna mtu anatoa bodaboda ya mkataba, unampelekea hesabu kila wiki, mkataba ukiisha chombo chako. Nikamwambia shemeji, ahsante, kazi ninayo, baiskeli naendesha kwa kupenda. Akanyamaza kidogo. "Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo shemeji. Usione aibu."

Mnaona?

Jirani yangu ana televisheni ya inchi 55. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku anaangalia tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa na DJ, macho yamekuwa mekundu kama ya mvuvi wa dagaa. Hajawahi kupewa pole. Wazee wa pale kona wanapiga bao tangu nahamia mtaa huu, kete zimeng'aa kama zimepakwa mafuta. Hakuna aliyewaambia wapande wasogezwe. Kuna kijana anadaiwa kodi ya miezi 3 lakini akianza kuchambua Simba na Yanga unaweza kudhani ana hisa, na wote tunamwita mtu wa mpira. Mimi nikipiga kilomita 20 asubuhi na kurudi kuoga, mnaniombea dua. Kumbe kwenu starehe ni ya kukaa. Ukitoka jasho tu, tayari una dhiki.

Na wala tatizo si baiskeli yenyewe, nimechunguza. Mzee akipita na gunia la korosho kwenye keria, mnasema yule mzee mchapakazi. Akipita mtu na kapu la samaki, mnamwita mpaka anasimama. Inayowachanganya ni baiskeli tupu. Mama mmoja muuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, pale Mikindani alinihoji kama polisi.

"Unapeleka nini mwanangu?"

"Sipeleki kitu mama."

"Umefuata nini?"

"Sijafuata kitu."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Nakwenda halafu narudi."

Akanifungia ming'oko ya mia tano na pilipili pembeni, akakataa hela. Nimekula kwa uchungu, ingawa ilikuwa mitamu.

Suala la kaptula sitaki kulizungumzia sana. Ile ya kubana ina sponji makalioni, na ina sababu yake: ukikaa kwenye kile kiti saa 3 bila sponji, Jumatatu ofisini utafanya kazi umesimama. Najua tuko pwani, kwa hiyo juu yake navaa pensi pana inayofika magotini. Haikusaidia. Watoto wanatoka madrasa, mmoja akaniita kwa adabu kabisa: "Anko, umevaa pampasi?" Mwalimu wao akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Sasa tuje kwenye upepo wa matairi, maana hapa ndipo hasira zangu zinapolala.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, magurudumu inchi 29, na valvu zake ni zile nyembamba zinazoitwa Presta. Kwa wasiojua: valvu ya bodaboda ni ile ile ya gari, Schrader, unene milimita 8, unabandika mdomo wa pampu, unajaza, unaondoka. Presta ni milimita 6 na juu ina kinati kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Unakilegeza kwanza, unakibonyeza kidogo kinafanya tss, ndipo unajaza. Usipokilegeza, upepo hauingii hata ulete kompresa ya melini.

Nilifika kwa vijana wa upepo, tairi la nyuma limelegea kidogo tu. Kijana akainama, akaitazama. "Bro, mbona valvu yako imekonda?" Nikaanza kumweleza kuhusu kinati. Sijamaliza sentensi, kashaikamata kwa koleo. Akavuta. Ile pini ya katikati ikapinda kama ukucha wa mzee. Tsssss. Tairi likalala chini mbele ya macho yangu, na yeye akaniangalia kwa mshangao: "Kumbe ilikuwa na upepo."

Kuna kidude kinaitwa adapta. Cha shaba, ukubwa wa punje ya hindi, unakizungushia juu ya Presta inakuwa kama valvu ya pikipiki, unajaza popote. Nimekitafuta maduka yote ya spea kuanzia sokoni mpaka Magomeni. Duka la kwanza: "Ya Boxer au ya TVS?" Duka la pili walinitolea washa ya bomba la maji, wakaniambia jaribu, ikikataa utairudisha. Duka la tatu waliitana wote waje kuiona picha kwenye simu yangu, wakaijadili vizuri sana, kisha wakaniuliza mimi inauzwa wapi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi anayekaa chini ya mwarobaini, ana baiskeli yake ya Phoenix ambayo naamini imenizidi umri. Yeye hakushika koleo. Alivaa miwani, akaigusa ile pini kwa kidole, akainyoosha taratibu kwa meno ya kibanio cha nguo. Cha nguo, wakuu! Halafu akatoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni, akatafuta mapovu, akakuta na kitobo kingine ambacho hata mimi sikukijua. Msasa, solusheni, akaipuliza kama anapoza uji, akabandika kiraka alichokata kwenye tyubu kuukuu. Akashauri tuitanue tundu ya ringi kwa msumari wa moto ili iingie tyubu ya kawaida. Ringi yangu ni ya alumini, nikakataa kwa heshima zote. Akaizungusha gurudumu, akaisikiliza, akasema: "Aliyekutengenezea hii, mwanangu, hakutaka ufike mbali."

Huyo ndiye mtu pekee mjini humu aliyeitukana baiskeli yangu nikakubali.

Na mimi pia si malaika, nimejitia hasira mwenyewe. Niliagiza mita ya baiskeli kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni Dar. Tangazo linasema ina GPS, inaongea na setilaiti. Ikaja kwa basi. Nafungua boksi nakuta waya na sumaku. Sumaku unaifunga kwenye spoku, kila gurudumu likizunguka mita inahesabu, inazidisha na mzingo wa gurudumu uliouandika mwenyewe, kwa inchi 29 ni kama mita 2.3. Setilaiti yenyewe ni kidole changu. Nikamwandikia muuzaji, akanipiga bloku.

Nikasema liwalo na liwe, nikaifunga. Mwezi mzima inaniambia kwenda Mikindani na kurudi ni 13. Nikaanza kuwatangazia watu kwamba vibao vya barabarani vinadanganya, Mikindani iko karibu kuliko tunavyoambiwa. Nilibishana na mtu mzima mwenye lori lake. Siku moja binti yangu wa darasa la 5 akaishika ile mita: "Baba, hii M/H ni nini?" Nikamjibu M ni mita. Akafikiri. "Mita 12 kwa saa? Si hata kobe anakupita?" Ilikuwa inasoma maili, wakuu. Yule mwenye lori kama yumo humu, yaishe.

Halafu kuna siku ya samaki. Mnajua ile programu ya Strava inachora kwenye ramani njia uliyopita. Wenzetu huko duniani wanachora tembo, wanachora twiga. Nikasema na mimi nichore changu kwa mitaa ya Majengo na Chikongola. Mwili ulikwenda vizuri, taabu ikawa jicho, maana ilibidi nizunguke nyumba zile zile mara 3. Mzunguko wa tatu akatoka mjumbe na kanzu yake. "Kijana, unatafuta nyumba ya nani?" Nikamwambia ukweli, kwamba nachora samaki. Alinitazama kwa muda mrefu sana. Akaomba namba yangu ya simu na ya mtu wa karibu. Huyo wala simlaumu, kwa sababu mwaka 2018 ramani ya hao hao Strava ilianika njia wanazokimbilia askari kwenye kambi zao nchi mbalimbali, kwa hiyo mtu anayezungukazunguka na simu kifuani ana haki ya kuulizwa. Picha yenyewe ilitoka kama kandambili.

Ila kilichonifanya nikose usingizi, na bado kinaniuma, ni kibanda umiza.

Julai 1, 2024. Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli, hatua ya 3, kutoka Piacenza hadi Torino, kilomita 230 na ushee. Nimeingia kibandani jioni, nimelipa kama wengine. Watu wanasubiri Ufaransa na Ubelgiji, Euro, mechi saa 1 usiku. Kwenye skrini kuna matangazo na watu wanaongea tu. Nikamwomba mwenye kibanda, kistaarabu, kaka, hebu tuwekee baiskeli nusu saa, kuna Mweritrea yumo mle anaitwa Biniam Girmay, leo anaweza kuweka historia. Kibanda kizima kikageuka. Mwenye kibanda akaweka rimoti mfukoni na kusema maneno ambayo sitayasahau: "Nani alipe hela kuangalia kitu anachokiona bure barabara ya Naliendele?"

Vicheko. Mpaka mtoto wa karanga alicheka.

Nikatoka nje, nikawasha simu. Picha inakwama, inakimbia, inakwama. Zimebaki kilomita 2, kundi zima limekaa tayari, namtafuta Girmay kwenye ule msongamano, ndiyo huyu, siyo huyu, ndiyo. Bando likaisha. Nimebaki naangalia duara linazunguka. Narudia kusema: zimebaki kilomita 2. Nilikimbia kununua vocha, naikwangua kwa jino, mpaka nikarudi hewani mtu kashashinda, kashalia, kashakumbatiwa. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, mashindano yaliyoanza mwaka 1903! Akaja kushinda nyingine 2 na kumaliza na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi. Mimi nimemwona mgongo.

Nikarudi kibandani nimweleze mtu yeyote. Hakuna aliyenisikiliza. Ilipofika dakika ya 85 Mbelgiji akajifunga, Ufaransa wakapata bao lao la pekee, kibanda kikalipuka, watu wanakumbatiana, benchi limevunjika. Goli la kujifunga, jamani. Ndilo lililovunja benchi.

Septemba 2025 mbio za dunia za baiskeli za barabarani zikafanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika, hapo kwa jirani tu. Safari hiyo hata sikwenda kibandani. Nilijifungia chumbani na bando la wiki.

Sasa naomba kitu kimoja. Kama kuna mdau anatoka Dar kuja Mtwara wiki hii, kwa basi au kwa ndege, na anaweza kupitia duka la baiskeli akanipatia adapta za Presta 3, anitumie ujumbe, nitamrudishia hela yake na ming'oko juu. Tatu, kwa sababu moja nampa yule mzee wa mwarobaini aiweke karibu na kibanio chake.

Na Jumapili natoka Shangani saa 12 alfajiri kwenda Mikindani kama kawaida. Anayetaka aje na chochote chenye magurudumu 2 na pedeli. Sponji si lazima.

NYONGEZA: Mnaoniandikia pembeni kuniuliza naiuza shilingi ngapi, SIUZI. Na shemeji, najua ni wewe, picha ya wasifu hujabadilisha.