Hedifoni zipi zinafaa kwa PS5 na kompyuta ya mezani?

Mchezaji wa Usiku

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha kwa mara ya pili. Hucheza Call of Duty: Warzone kwenye PS5 na Counter-Strike 2 kwenye kompyuta ya mezani, tena usiku watoto wakiwa wamelala, kwa hiyo sauti ya runinga siwezi kuifungua. Mwezi uliopita nilinunua hedifoni za Bluetooth ambazo muuzaji alinihakikishia kuwa zinakubali kila kifaa, lakini PS5 haikuziona kabisa, na kwenye kompyuta nikifyatua risasi naona moto wa mtutu kwanza, kisha mlio ndiyo unafuata. Sasa nimetenga shilingi laki moja na nusu. Je, nirudi kwenye waya? Na yale maandishi ya "7.1" kwenye maboksi yana maana gani hasa?

Fundi Sauti

Pole sana, ndugu yangu. Huenda hedifoni zako ni nzima kabisa, ila kazi uliyozipa siyo yao. PS5 haipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja, ndiyo maana haikuziona. Kwenye kompyuta, sauti hubanwa kwanza, hurushwa hewani, kisha hufunguliwa na kuwekwa akiba kidogo ili isikatikekatike, na safari hiyo mara nyingi hula milisekunde 150 hadi 250. Gemu inayokwenda kwa picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi, kwa hiyo sauti iliyochelewa kwa milisekunde 200 inakufikia picha 12 zikiwa zimeshapita. Ukisikiliza muziki hutalijua hilo, na ukitazama filamu programu inaweza kuichelewesha picha ili viende sambamba, lakini gemu haina nafasi ya kusubiri kwa sababu picha inafuata kidole chako. Isitoshe, ukiwasha kipaza sauti cha hedifoni hizo kwenye kompyuta, kwa kawaida sauti yote hushuka na kuwa kama ya simu.

Zipo zisizo na waya zinazokuja na kidude chake cha USB cha masafa ya 2.4 GHz, na hizo hazichelewi kiasi cha kukusumbua. Hata hivyo, kwa fedha uliyotenga mimi ningechukua za waya bila kusita, kwa kuwa fedha yote inakwenda kwenye spika na kipaza sauti badala ya betri na redio.

Kuhusu 7.1, yaani sauti ya kuzunguka ya spika saba na moja ya besi, hedifoni nyingi zenye maandishi hayo zina spika mbili tu, moja kila sikio, na kinachobaki ni hesabu za programu. Hilo si kosa, kwani nasi tuna masikio mawili: sauti ya kushoto hutangulia kufika sikio la kushoto kwa muda usiozidi milisekunde moja, nao ubongo huutambua upande kwa tofauti hiyo. PS5 ina mfumo wake wa sauti ya 3D unaofanya kazi na hedifoni yoyote ya kawaida iliyochomekwa kwenye padi (kile kidhibiti cha mkononi), na Counter-Strike 2 ina wake. Tumia huo mmoja na uzime 7.1 ya hedifoni, maana mifumo miwili ikipandana vishindo vya nyayo hupoteza mwelekeo.

Mama Gemu

Nakubaliana na Fundi, ila naomba kuongeza mambo ya matumizi. Angalia pini kabla ya kulipa: yenye mikanda mitatu myeusi inabeba sauti na kipaza sauti pamoja, nayo ndiyo inayoingia kwenye padi. Kompyuta yako ikiwa na matundu mawili, la kijani na la waridi, utahitaji kiwaya cha kugawa.

Usichukue zenye mgongo wazi, yaani zenye matundu nyuma ya spika, hata ukisifiwa upana wa sauti yake. Kweli ni nzuri, lakini zinavujisha sauti nje na watoto wataamka, na mlio wa feni utaingia ndani. Tena baadhi yake, kama hedifoni za DT 990 Pro za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zinahitaji nguvu ambayo padi haina. Wewe tafuta za omu 32 hivi. Kwa joto letu sponji ya kitambaa inavumilika kuliko ngozi bandia, ambayo baada ya saa moja hunata shavuni na baada ya muda huanza kumenyeka.

Mchezaji wa Usiku

Ahsanteni sana. Jana usiku nilichomeka kwenye padi earphone za waya zilizokuja na simu yangu ya zamani, nikawasha sauti ya 3D, na kwa mara ya kwanza nikamsikia adui akipanda ngazi nyuma yangu upande wa kulia. Nikageuka, na kweli alikuwa pale. Jumamosi nakwenda dukani na padi mkononi, nizijaribu hukohuko kabla ya kulipa.