Nikikaa kimya, mawazo ndiyo yanazidi: nifanyeje?

Muulizaji:
Ndugu zangu, nimeanza kufanya taamuli kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Ninakaa kitini, ninafumba macho na kuifuatilia pumzi. Kinachonishangaza ni kwamba mchana, nikiwa na shughuli, akili yangu imetulia kiasi, lakini nikishakaa tu, madeni, maneno ya bosi na hata nyimbo za matangazo ya redio huanza kupishana kichwani. Je, ipo namna ya kuyazuia, au zoezi hili halinifai?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mawazo hayo unayo mchana kutwa, ila pilikapilika zinakufanya usiyasikie. Usihangaike kuyazuia. Jaribu njia wanayoanzia wanafunzi wengi wa Zen, tawi la dini ya Kibudha, huko Japani: hesabu kila unapotoa pumzi, moja hadi kumi, kisha anza upya. Ukijikuta umefika kumi na saba, au umesahau kabisa ulipoishia, rudi kwenye moja bila kujilaumu, kwa maana kule kugundua kwamba umepotea ndiko zoezi lenyewe. Kwa maoni yangu, kumi ni mbali mno kwa anayeanza, ishia nne.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono. Katika kozi za siku 10 za Vipassana, aina ya taamuli yenye asili ya Kibudha, zilizoenezwa na S. N. Goenka, mwalimu aliyezaliwa Burma na kuanza kufundisha India mwaka 1969, siku tatu za mwanzo huenda kwa kuchunguza pumzi peke yake: inavyoingia, inavyotoka, inavyogusa ngozi chini ya matundu ya pua. Ikiwa watu waliokabidhi simu zao na kunyamaza kutwa nzima wanahitaji muda wote huo, wewe unayeiba dakika chache kabla ya kuwahi daladala usijihukumu mapema.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Tatizo jingine ni kwamba nikihesabu, nasinzia.

Mchangiaji wa tatu:
Usiegemee kiti, na macho yaache nusu wazi yakitazama sakafu mbele yako. Usingizi ukizidi, simama utembee polepole, ukisikiliza kisigino kinavyogusa chini, kisha vidole. Ila ukiona ukimya unakuletea hofu kali au kumbukumbu za tukio lililokuumiza, acha kwanza na umwone mtaalamu wa afya ya akili, kwa sababu hali hiyo haitatuliwi kwa kujilazimisha kukaa muda mrefu zaidi.