Tupeane uzoefu: kangaga la ndani na mbwa wanaotafuna majani

Mleta mada:
Ndugu wadau, barazani kwangu nimetundika kangaga, lile lenye majani marefu yanayoinama pande zote za chungu, ambalo wauza maua hulijua kwa jina la Boston na wataalamu huliita Nephrolepis exaltata. Mbwa wangu wa miezi mitano amekwisha kulifikia mara mbili. Mara ya pili alitapika povu lenye vipande vya majani, kisha akamaliza ugali wake kama kawaida. Shirika la ASPCA la Marekani limeliorodhesha miongoni mwa mimea isiyo na sumu kwa mbwa na paka, lakini ningependa kuwasikia waliofuga.

Mdau wa Moshi:
Kangaga la kweli halijawahi kunisumbua kwa miaka sita na mbwa watatu. Akila mengi tumbo huvurugika kidogo, basi. Aliyenisumbua ni yule anayefanana nalo, mmea wa majani membamba kama sindano ambao hupachikwa kwenye mashada ya waridi, nao wengi huuita kangaga ilhali ni asparagasi, jamii nyingine kabisa. Ulipozaa, mbwa wangu jike aliokota vitunda vyekundu vilivyodondoka sakafuni, na usiku huo akatapika na kuharisha hadi alfajiri. Baadaye nilikumbuka kwamba alikuwa akijilaza juu ya mmea huohuo mchana, na vipele vilikuwa vimemtoka tumboni ambako manyoya ni haba, maana utomvu wake huwasha ngozi.

Mdau wa Nakuru:
Mimi ningehofia zaidi mbolea na dawa ya wadudu iliyopuliziwa kwenye majani.

Mdau wa Tanga:
Poleni. Kwetu pwani kuna mtapo, na siku hizi watu hupanda kwenye vyungu ndugu yake kutoka Japani, Cycas revoluta, ambaye kwa majani yake mtu asiyejua humdhania kangaga au mnazi mdogo. Huyo hana mzaha, kwa kuwa kila sehemu yake ina sumu inayoharibu ini, na mbegu ndizo mbaya kupita zote. Mbwa wa jirani yangu alitafuna mbegu, akaanza kutapika siku hiyohiyo, lakini mwenyewe akasubiri aone kama atapata nafuu; siku ya tatu fizi zilikuwa zimegeuka manjano, na daktari wa mifugo hakuweza kumwokoa. Ukiona ametafuna, mpeleke kabla hajaonyesha dalili, na ubebe tawi la mmea wenyewe.

Mleta mada:
Nawashukuru sana. Nimegeuza majani ya kangaga langu nikakuta vidoa vya kahawia vimejipanga safu mbili upande wa chini, hakuna ua wala tunda. Chungu cha pili, nilichopewa kama zawadi kwa jina hilohilo la kangaga, kina vijimiba kwenye shina na vitunda viwili vya kijani. Nimekipandisha juu ya mnara wa tangi la maji.