Naomba ushauri: Saluki jike wa miaka 3 haitikii akiitwa, je, ana kasoro au ndivyo walivyo?

Mgeni wa Saluki:
Ndugu wanajamvi, salaam. Rafiki yangu anahama na ameniomba nimchukue mbwa wake, Saluki jike wa miaka 3. Nimefuga German Shepherd kwa zaidi ya miaka 10, hivyo nilidhani hakuna mbwa atakayenishinda, lakini huyu amenichanganya. Nilipomtembelea mara ya kwanza aliinua kichwa, akanitazama, akageuza uso na kuendelea kulala. Mara ya pili tulimfungulia katika uwanja wenye uzio. Nilipomwita alisimama, akaniangalia kwa utulivu kabisa, kisha akaenda zake. Hata mwenyewe alipomwita alikuja kwa wakati aliotaka. Nyumbani nina watoto wa miaka 6 na 9, paka mzee, na sungura katika banda la uani. Je, alikosa malezi? Na je, ataweza kulinda nyumba? Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Mbio:
Mkuu, huyo hana kasoro. German Shepherd alizalishwa ili afanye kazi na mchungaji wake, ndiyo maana kila mara anakutazama usoni akisubiri agizo. Saluki yumo katika kundi la mbwa wanaowinda kwa macho, pamoja na Greyhound, Whippet, Azawakh na Afghan Hound. Kazi aliyofanyiwa uteuzi na Mabedui, kizazi baada ya kizazi, ni kumwona swala au sungura kwa mbali, kumfukuza, na kuamua mwenyewe mahali pa kukata kona, huku mwindaji akiwa ameachwa nyuma sana asiweze kusaidia kwa neno lolote. Aliyesubiri kuambiwa alirudi bila kitu, na sidhani kama kuna aliyetaka watoto wake. Kwa hiyo alipokusikia na kukutazama, alikuwa anapima kama wito wako una faida kwake, na kwa kuwa hakujui, jibu lilikuwa hapana.

Ulinzi usahau. Baadhi yao hubweka wanapoona mgeni, lakini wengi humkwepa tu, na mwizi atatazamwa kama ulivyotazamwa wewe.

Bibi Mkulima:
Mimi ningekushauri ufikiri mara mbili, si kwa sababu ya tabia yake ndani ya nyumba, ambako mbwa hawa ni wapole, wasafi na hulala sehemu kubwa ya siku, bali kwa sababu ya sungura wako. Saluki wangu aliishi na paka wetu kwa miaka miwili bila ugomvi, wakilala kwenye kochi moja. Siku moja paka huyo huyo alikatiza uani akikimbia, na mbwa akamfuata kana kwamba hajawahi kumwona. Paka aliponea juu ya mti. Kinachowasha moto ni mwendo wa kitu kinachokimbia, na moto huo ukishawaka masikio ni kama hayapo. Mbwa huyu anapita kilomita 60 kwa saa, maana yake katika sekunde 10 yuko zaidi ya mita 160 kutoka ulipo, pengine ng'ambo ya barabara. Mahali pasipo na uzio asifunguliwe kamba kamwe, hata akionekana ametulia kwa mwaka mzima. Uzio wenyewe uwe mrefu, kwa kuwa wanajua kuruka.

Daktari wa Wanyama:
Naongeza machache ya kitaalamu. Kuonekana mbavu kidogo na mifupa ya nyonga ni kawaida kwa Saluki mwenye afya, usije ukamnenepesha kwa huruma. Ngozi yake ni nyembamba na mafuta mwilini ni machache, hivyo huhisi baridi haraka, huchanika kwa urahisi, na huhitaji matandiko laini. Mshipi wa shingoni uwe mpana na wa aina inayojikaza kiasi anapovuta, kwa sababu kichwa chake ni chembamba na mshipi wa kawaida humchomoka. Kabla ya upasuaji wowote, mkumbushe daktari aina ya mbwa huyu: Greyhound huchelewa sana kuondoa mwilini dawa za usingizi kama thiopentali, na tahadhari hiyo hufuatwa pia kwa jamaa zake.

Mgeni wa Saluki:
Nashukuruni sana. Nimeelewa habari ya sungura, na ndugu yangu amekubali kuwachukua. Bado watoto. Pia, je, nikimkaripia anapokaidi, kama nilivyozoea kwa mbwa wangu wa zamani, atajifunza?

Mzee wa Mbio:
Atajifunza kukuepuka. Hawa ni wepesi wa kuumia moyoni na hukumbuka kwa muda mrefu. Ukimpigia kelele ataganda au atajificha, na utatumia wiki kadhaa kurudisha imani iliyopotea kwa dakika moja. Mfundishe kwa vipindi vifupi, umpe kipande cha nyama kila anapokuja, na uache kabla hajachoshwa. Kurudia zoezi moja mara kumi humfanya aondoke, na kwa kweli simlaumu. Watoto wako wamefikia umri wa kuelewa sharti moja kubwa: asiguswe akiwa amelala, maana wengine hushtuka na kufoka kabla hawajaamka sawasawa. Wamwite kwanza, wasubiri ainue kichwa.

Mgeni wa Saluki:
Basi rafiki yangu amekubali nikae naye kwa majaribio ya wiki mbili, paka akiwa na chumba chake mwanzoni. Siku ya kwanza nianzie wapi?

Bibi Mkulima:
Usianzie popote. Mwonyeshe maji na mahali pa kulala, kisha kaa sakafuni na usome kitabu chako, usimwite wala usimtazame sana. Ikifika jioni ya siku ya tatu au ya nne utasikia pua ndefu ikikusukuma chini ya kiwiko. Hapo ndipo umshike, taratibu, nyuma ya masikio.