Maungio ya ukuta wa bustani penye udongo wa mfinyanzi

Ndugu zangu, asalaam alaykum. Dada yetu ameuliza kwa nini ukuta wa bustani yake kusini mwa London unapukutika mota, yaani mchanganyiko wa mchanga na saruji au chokaa unaoshikanisha tofali, kila mwaka. Tatizo hilo nalifahamu vizuri, kwa kuwa tangu nirudi Lindi nautunza ukuta wa marehemu baba, uliojengwa bondeni juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi.

Udongo huo ukinywa maji huvimba, na ukikauka husinyaa na kupasuka. Huku kwetu mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na ikifika Oktoba ufa wa ardhini unaingiza kiganja changu. London udongo hukauka zaidi Juni hadi Agosti, hasa karibu na miti mikubwa, ukavimba tena wakati wa baridi. Ukuta hupanda na kushuka pamoja nao, na kinachopaswa kuupokea mwendo huo ni maungio, yaani mistari ya mota kati ya tofali, wala si tofali zenyewe.

Kwa hiyo mota iwe laini kuliko tofali. Fundi mmoja alituzibia maungio kwa saruji nzito, na baada ya masika mawili nyuso za tofali za kuchoma zikaanza kubanduka, huku saruji ikibaki imetokeza kama mbavu. Niliokota kipande kimoja, nikakuta mgongo wake umelowa na una unga mweupe wa chumvi: maji yalikosa njia ya kutokea kwenye maungio, yakapitia kwenye tofali. Iliniuma sana, kwa sababu tofali zile baba alizichoma mwenyewe.

Sasa natumia saruji kipimo 1, chokaa 1 na mchanga wa mto 6. Mchanga wa pwani una chumvi. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa tupu usitiwe saruji kabisa. Kuta za Kilwa Kisiwani, ambazo ni mawe ya matumbawe na chokaa, zimesimama kwa karne nyingi.

Dada, kwangua mota mbovu kwa tindo na nyundo ndogo, kina kiwe mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa ungio, yaani milimita 20 hadi 25 kwa ungio la milimita 10. Safisha vumbi, lowesha, ushindilie mota kidogo kidogo, kisha ufunike kwa gunia bichi kwa siku kadhaa. Huko London usifanye kazi hii wakati wa jalidi, yaani baridi inayogandisha maji.

Ufa unaopanda kama ngazi na kurudi kila mwaka hautibiwi kwa kuzibwa. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake, kagua mabomba ya maji yaliyo karibu, na kama kuna mti mkubwa usiukate ghafla kabla ya kumwona mtaalamu, kwa sababu udongo uliokuwa ukinyonywa na mizizi utavimba na kuuinua msingi.