Samani za mninga ninazokarabati zinauzika, lakini faida siioni: nifuate njia ipi?

Mkaazi wa Tanga (muuliza swali)

Habari zenu nyote, na shikamooni wakubwa zangu. Ninaishi Ngamiani, Tanga mjini, na tangu mwaka jana ninanunua samani zilizotumika, hasa makabati na viti vya kulia chakula, ninazikarabati uani kwangu kisha ninaziuza. Nilianza na kabati moja la mninga ambalo familia iliyokuwa ikihama ililiacha chini ya mwembe. Kwa kuwa marehemu baba yangu alikuwa seremala, nilikuwa na randa yake, patasi zake tatu na mazoea ya kushika msasa tangu utotoni. Kabati lile liliuzika ndani ya siku mbili, nikaona kuwa hapa kuna riziki.

Sasa nimefika mahali sielewi. Mwezi uliopita nilinunua kabati la milango miwili kwa shilingi 60,000. Guta la kulifikisha nyumbani lilikuwa 10,000, na msasa, gundi, bawaba mpya na vanishi vikanigharimu 42,000. Nilitaka kuliuza 250,000, mteja akanishusha mpaka 190,000. Kwa hesabu ya haraka nilibaki na 78,000, lakini kazi ile ilinichukua siku 11, na siku mbili kati ya hizo nilikuwa nakwangua vanishi ya zamani tu. Isitoshe, vanishi mpya niliyoipaka wakati wa masika iliamka asubuhi ikiwa na weupe kama ukungu kwenye milango yote miwili, ikanibidi nirudie.

Shemeji yangu ananishauri nipake kila kitu rangi nyeupe, kwani kabati litakwisha kwa siku tatu. Moyo wangu unakataa, kwa sababu mninga ukishasafishwa unatoa ile rangi yake ya asali iliyochanganyika na wekundu, na siwezi kuifunika bila kuumia. Hata hivyo nina watoto wawili shuleni. Je, nipandishe bei, niajiri kijana wa kunisaidia, au nimsikilize shemeji? Niongeze tu kwamba niliwahi kununua viti vinne vilivyochanika makalio, nikachukua ukili, ule ukanda uliosukwa kwa majani ya mkindu, kwa jirani anayesuka mikeka na kuviwamba upya, navyo vilichukuliwa hata kabla vanishi ya miguu haijakauka vizuri.

Fundi wa Keko

Marahaba, dada, na hongera kwa kuitunza randa ya mzee. Nianze na weupe wa vanishi, maana huo una sababu inayojulikana. Vanishi iliyochanganywa na thina ya kukauka haraka hukauka kwa thina kuruka hewani, na thina inaporuka huupoza uso wa mbao. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo pwani wakati wa masika, unyevu huo hutua juu ya vanishi ambayo bado ni mbichi na kunaswa ndani yake. Kwa hiyo usipake alfajiri wala jioni. Subiri kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, siku isiyo na mvua, na upake tabaka jembamba badala ya kukimbilia tabaka moja zito. Milango ikishapauka usikimbilie kuikwangua: siku kavu ipitishie thina kidogo kwa juu, vanishi italainika, unyevu utatoka, na mara nyingi weupe utaondoka wenyewe.

Sasa kuhusu faida. Kwa uzoefu wangu, kabati huharibu hesabu siku ya kununuliwa, si siku ya kuuzwa. Kabla hujatoa fedha, vuta droo nje kabisa uitazame kwenye kichwa cha ubao. Mistari ya mbao ikitoka juu na kuendelea mpaka kichwani, hiyo ni mbao nzima. Ukiona tabaka jembamba kama karatasi limelalia kitu kingine, hiyo ni plaiwudi au mbao ya unga iliyobandikwa ngozi, na msasa wako utaitoboa kabla ya saa sita mchana. Kisha tandika karatasi nyeupe chini ya kabati na upigepige mbavu zake kwa kiganja. Matundu ya zamani hayana neno, lakini ukidondoka unga laini mpya, wadudu bado wanakula. Tazama pia wamebungua upande gani, kwa sababu wadudu hao hupenda ule ukingo mweupe wa ubao, na kiini chekundu cha mninga hawakigusi kwa urahisi. Ikiwa fundi wa kwanza aliacha sehemu kubwa ya ukingo huo mweupe, kabati hilo litakupotezea siku.

Mwisho, litingishe. Ulimi wa kiungo, yaani ncha ya ubao iliyochongwa kuingia kwenye ubao mwingine, ukicheza ndani ya tundu lake, usishawishike kupiga msumari, maana msumari hupasua ulimi na mwakani kiungo kitalegea tena. Kifungue, kwangua gundi kuukuu mpaka mbao yenyewe ionekane, kwa sababu gundi nyeupe haishiki juu ya gundi ya zamani, kisha ukibane usiku kucha. Kazi hiyo ni ya saa mbili tatu, na ukijua tangu mwanzo kwamba kabati lina viungo sita vilivyolegea, utajua pia kwamba halistahili kununuliwa kwa 60,000.

Juu ya rangi nyeupe, mimi sikubaliani na shemeji yako hata kidogo. Anayetafuta mninga wa zamani analipia mninga, nawe ukiupaka rangi unakuwa umemwondolea alichokifuata.

Mwalimu wa ufundi, Moshi

Naomba kutofautiana na fundi kwa heshima, ingawa katika mninga yuko sahihi. Samani nyingi za mitumba si mninga. Ni msonobari, plaiwudi, au mchanganyiko wa mbao tatu zilizounganishwa na mtu aliyejua fika kwamba zitapakwa rangi. Kitu kama hicho kukipaka rangi ni kukirudishia hali yake, wala hakuna dhambi. Ninachomsihi dada ni kutenganisha vitu hivyo tangu mwanzo, na kumweleza mnunuzi waziwazi ndani kuna nini.

Lipo jambo lingine ambalo nisipolisema sitalala vizuri. Umesema unafanya kazi uani na una watoto. Rangi kuukuu, hasa zile za miaka mingi iliyopita, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Ukikutana na rangi ya zamani usiikwangue ikiwa kavu: ilowanishe, tumia msasa wa maji, kusanya takataka zake kwenye mfuko na uoshe sakafu kwa maji badala ya kufagia. Vumbi la mninga na la mvule nalo huwasha koo na kubana kifua, kwa hiyo barakoa iwe usoni kila siku ya msasa, hata kwa kazi ya dakika kumi.

Mtunza hesabu, Morogoro

Dada, umetupa hesabu ya kabati kwa ukamilifu, ukavitaja viti mwishoni kana kwamba ni jambo la pembeni. Kabati lilikupa 78,000 kwa siku 11, yaani kama 7,000 kwa siku, bila kuhesabu chai, umeme na uchakavu wa vifaa. Tafadhali tuwekee na hesabu ya viti kwa namna hiyohiyo kabla hatujazungumzia kuajiri mtu, kwa sababu ukimwajiri kijana leo kwenye kazi ya kabati, mshahara wake utaimeza faida yote.

Mkaazi wa Tanga

Ahsanteni sana. Nimekwenda kufungua daftari. Viti vinne nilivinunua 8,000 kila kimoja, jumla 32,000. Ukili wa jirani ulikuwa 24,000, na msasa na vanishi ya miguu 14,000. Jumla nilitumia 70,000. Niliviuza 35,000 kila kimoja, yaani 140,000, na kazi yote ilikuwa siku nne. Kumbe nilipata 70,000 kwa siku nne! Ni kama 17,500 kwa siku, na mteja hakunipunguzia hata shilingi. Sikuwahi kuigawa hesabu kwa siku. Nilikuwa nalinganisha 78,000 na 70,000 nikidhani kabati ndilo lenye faida.

Mtunza hesabu, Morogoro

Basi swali lako la kupandisha bei limebadilika. Kabati wateja wako wanalilinganisha na jipya la dukani, na wewe uko karibu na shamba la mtiki la Longuza kule Muheza, hivyo samani mpya za mbao ngumu zipo machoni pao. Kiti kilichowambwa kwa ukili hawana cha kukilinganisha nacho, ndiyo maana hawakubishana. Ningekushauri makabati uyapokee kwa oda tu, kwa mteja aliyelipa nusu ya fedha, na mtaji wako uuhamishie kwenye viti. Kila unaponunua, andikiana na muuzaji hati fupi ya mauziano, kwani kitu kilichotumika kinaweza kuwa kimeibwa. Iwapo wewe na wasukaji mtaunda kikundi, ulizeni halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Pia SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na hutoa mafunzo kwa wajasiriamali wa aina yako.

Bibi wa Unguja

Mwanangu, nimesoma yote na nimefurahi. Mimi nimesuka tangu sijaolewa, na kwetu kuwamba ilikuwa kazi ya vitanda kabla ya viti. Kitanda kilikuwa na matendegu manne, yaani miguu, mifumbati miwili ya ubavuni, kitakizo kichwani na kitakizo miguuni, na katikati yake tukapitisha kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, au ushupatu, yaani ukili wa kuwambia vitanda. Ukikipata kitanda cha namna hiyo kwa watu, hata kikiwa kimelegea vipi, usikiache.

Kuhusu ukili wako, sharti ujue kwamba ukili wa mkeka na ukili wa kukaliwa si kitu kimoja. Wa mkeka husukwa mwembamba ili mkeka ukunjike. Wa kiti uombe usukwe kwa ukindu uliopangwa mara mbili, upana wa vidole vitatu, na kingo zake ziwe zimekazwa, kwani kiti huchanikia pale ukili unapopinda juu ya mbao. Hiyo mbao yenyewe kabla ya kuiwamba ipige msasa kwenye pembe zake mpaka iwe mviringo, maana pembe kali hukata ukili kama kisu. Siku ya kuwamba, unyunyizie maji kidogo tu ulainike. Ukiulowesha chapachapa, utakapokauka utasinyaa na kuacha mianya, na mteja atakurudishia kiti chako kabla ya mwezi kwisha.

Na huyo jirani usimnunulie ukili kama anunuavyo mchuuzi wa sokoni. Mkalishe, mpe kipimo, mlipe zaidi ya anavyolipwa kwa mkeka, kwa sababu kazi unayomtaka ni ngumu zaidi na inamuumiza vidole. Akikuacha yeye, huna biashara.

Mkaazi wa Tanga

Shikamoo Bibi, na ahsante kwa kunifundisha kana kwamba nimekaa mkekani kwako. Leo jioni nimekwenda kwa jirani na kiti kimoja kitupu, tumekipima pamoja kwa vidole vitatu, na amesema ana dada yake Pangani anayejua kusuka ukindu wa mara mbili. Tumekubaliana atakuja Jumamosi. Nina viti sita vya mvule kutoka ofisi ya zamani ya shamba la mkonge, fremu zake ni nzima, na pembe zote nimeanza kuzipitia na msasa namba 120. Kabati lililobaki nitalimaliza mvua zikikatika, kisha sitanunua jingine mpaka mtu aniagize.

Bibi wa Unguja

Marahaba mwanangu. Ukimaliza namba 120 pitisha na 240 kwenye pembe hizo, halafu zisugue kwa nta kidogo kabla ya kuwamba, ili ukili uteleze wakati wa kuuvuta usikwame.